Bibi Afya Aliyerudi Kuchukua Neno Lake

Mwaka aliokuja Bibi Afya ni mwaka tuliokula makande meupe. Kwetu ukisema hivyo hakuna anayekuuliza ni mwaka gani. Makande ni mahindi na maharage, kila mtu anajua. Mwaka ule maharage yalikauka shambani yakiwa bado na maua, tukachemsha mahindi peke yake, tukayatia chumvi, tukayaita makande ili watoto wasilie. Baadaye tukala hata mbegu tuliyokuwa tumeitundika jikoni juu ya moshi. Ukimwona Mpare anakula mbegu, ujue hana tena pa kushika.

Kwetu ni juu, unapanda kutoka Hedaru mpaka masikio yanaziba. Yeye alipanda na pikipiki ya ofisi, na kwenye mwinuko wa mwisho ikamshinda, akaingia kijijini akiisukuma, amevaa sketi ndefu na viatu vya mpira, jasho linamtiririka. Wanaume walipoona pikipiki ya serikali walitawanyika, maana walidhani ni wale wa kukagua vyoo na kuandika faini. Mzee mmoja jirani yangu alikwenda kujifungia chooni kwake, ili ionekane kinatumika. Alikaa humo mpaka mkewe akamfuata kumwambia mgeni ameshakwenda kwingine.

"Mimi si wa faini," alituambia siku hiyo. "Mimi ni wa maneno."

Tukaona afadhali angekuwa wa faini. Faini unalipa, inakwisha.

Namwandika kwa sababu mwaka huu nilimfuata Same mjini kumwomba kitu kimoja, kwa ajili ya mjukuu wangu Upendo. Upendo anasaga unga wa uji wa watoto pale Hedaru, kazi nzuri, kazi safi, na nasema hivyo si kwa kuwa ni damu yangu. Mwenye duka la jumla amemwambia ataupokea unga wake kama kwenye mfuko kuna picha ya Bibi Afya na jina lake, kwa sababu huku kwetu na kule tambarare akina mama wanamwamini huyo kuliko redio. Bila hivyo, hapana. Na Upendo ameacha kazi ya kuuza duka la watu kwa ajili ya unga huo. Nitafika huko. Kwanza mjue nilikwenda kumwomba mtu wa namna gani, maana mimi nilidhani namjua.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui. Lafudhi haikuwa ya huku. Chasu, yaani Kipare chetu, alikuja kukijua kidogo, cha kutosha kujua anaposengenywa. Ukianza kumsema kwa Kipare, anakuangalia tu, halafu anakujibu kwa Kiswahili, na unatamani ardhi ipasuke.

Akija nyumbani kwako humpi kiti kile cha wageni akakaa. Anapita sebule, anakwenda jikoni, anakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, na anakula unachokula. Hata kama ni makande meupe. Hakufungua mdomo kuzungumzia chakula cha mtu kabla ya kukila. Mwaka ule alikula kwangu mahindi yale, akayatafuna kimya kimya, akanawa, ndipo akauliza: "Haya, Mama Elia, mnafanyaje?" Ndivyo alivyoanza siku zote. Si "nimekuja kuwaambia." Mnafanyaje. Maji mnachota wapi, mtoto akiharisha mnampa nini, nani anaamua mgonjwa apelekwe zahanati, baba au mama mkwe. Mimi nilikuwa mama mkwe. Nilimwambia ninaamua mimi. Akasema, "Basi mwanafunzi wangu ni wewe."

Mimi niliishia darasa la tatu. Nikasema moyoni, tutaona.

Alikuwa na neno lake moja lililotuudhi wote: "Nirudishie." Akishakueleza jambo, anakunja mikono, anasema, "Haya, nirudishie."

"Nikurudishie nini? Kwani umenikopesha?"

"Nirudishie maneno yangu, nione yamefikaje kwako."

"We mwanamke, mimi si mtoto wa shule."

"Najua. Mtoto wa shule ningemchapa. Wewe nakubembeleza. Nirudishie."

Unamrudishia, na ukikosea hakucheki. Anasema, "Nimelieleza vibaya," anaanza upya kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi nilidhani ni adabu tu. Sasa naona alikuwa anajipima yeye, hanipimi mimi.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Chai yake ilikuwa shurubati. Alituimbia habari ya sukari mpaka wazee wetu wakaogopa hata ndizi mbivu, halafu yeye mwenyewe kijiko kinasimama kwenye kikombe. Nilimwambia, "Bibi Afya, si ulisema sukari?"

"Nilisema. Na masikio yangu yalisikia vizuri kabisa. Kusikia si kufanya, Mama Elia. Ndiyo maana kazi yangu haiishi."

Na sindano! Yeye ndiye aliyeshika watoto wa kata nzima wakichanjwa, anawapuliza usoni, anawaambia ni kama kuumwa na siafu. Siku moja kwenye msaragambo, tunafyeka njia ya zahanati wote kwa pamoja, panga likamteleza likamkata kiganja. Nesi akasema lazima achomwe ya pepopunda. Mwanamke akabadilika rangi. Alishika kanga yangu akaivuta mpaka nikabaki na gauni la ndani, akafumba macho, akasema, "Mama Elia, ongea, ongea chochote." Nikamwambia ni kama kuumwa na siafu. Hakunisemesha mpaka jioni.

Hasira alikuwa nazo, na zilikuwa za juu, hazikuwa za chini. Nina maana kwamba sisi hakutukaripia. Waliokaripiwa ni wakubwa. Zahanati yetu ilikaa muda mrefu bila bomba. Mama akijifungua, ndugu zake wanabeba maji kwa ndoo kutoka kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji kabla ya kuyafungulia mashambani, ambamo na ng'ombe wanajua njia ya kwenda. Walipokuja wageni wa wilayani, wamekaa meza kuu wana soda zao, wakamsifu kwamba kata hii inajua kunawa mikono. Akasimama.

"Mmenituma nifundishe kunawa mahali pasipo na maji," akasema. "Nimefundisha. Wamejua. Waulizeni, watawarudishia neno kwa neno. Sasa aliyebaki kufundishwa ni nani, wao au ninyi?"

Tulipiga makofi, kisha tukaona tumepiga peke yetu. Lakini hakuishia kwenye maneno. Alikwenda kwa wazee wanaogawa maji ya ndiva, akakaa nao, akawauliza mnafanyaje, kama kawaida yake. Wazee wakatoa sauti, wanaume wakachimba mtaro kwa msaragambo, na wilaya ikaleta mabomba, maana aibu nayo ina miguu.

Siri za watu alikuwa nazo tele. Alijua nani anakunywa dawa za aina gani, nani amefunga kizazi mumewe hajui, nani alikula udongo akiwa mjamzito mpaka damu ikaisha. Mimi, sifichi, napenda kujua. Kulikuwa na mwanamke mmoja alikuja kutoka mashamba ya mkonge, amepanga nyumba chini ya kanisa, kila mwezi Bibi Afya anaingia kwake na mlango unafungwa. Nikamwuliza, "Yule wa chini ya kanisa, ana nini?"

"Ana kanga nzuri," akasema. "Umeiona ile ya kijani?"

Nikajaribu tena mwaka uliofuata. Akasema ile ya kijani imechakaa.

Sasa nije kwenye unga.

Baada ya mwaka wa makande meupe mvua zilinyesha, tukavuna vizuri. Mtu aliyetoka kwenye njaa ana mikono miwili na anataka kuijaza yote. Bibi Afya akapanda Jumapili moja, akasimama uani baada ya ibada, akasema, na mimi nilikuwepo: "Mtoto akishatimiza miezi sita, chakula chake kichanganywe." Akatuonyesha mayai, mchicha, karanga, parachichi. Akatuambia tumrudishie, tukamrudishia kwa sauti moja kama kwaya: kichanganywe!

Tukachanganya. Tulichukua mahindi, mchele wa Ndungu, ulezi, mtama, soya, karanga, maharage, njegere, dagaa na vichwa vyao, tukatia kwenye gunia moja, tukapeleka mashine, tukasaga. Tukauita unga wa lishe. Ikawa mashindano. Mwanamke akipita na ndoo yake kutoka mashine unamwuliza, "Wako una vitu gani?" Akitaja kingi kuliko chako, unarudi nyumbani unatafuta cha kuongeza. Wa kwangu ulikuwa na mbegu za maboga, na hakuna aliyenifikia.

Upendo ndio kwanza alikuwa anatambaa. Tumbo lake likawa ngoma. Anatapika, anaharisha, usiku halali, analia kwa sauti ya mbuzi. Na si yeye tu, kila nyumba yenye gunia ilikuwa na mtoto wa namna hiyo. Maneno yakaanza. Jirani yangu mmoja akasimama kisimani akasema wazi, "Hii ni lishe au ni sumu ya panya?" Wanawake wakaacha kupeleka watoto kupimwa uzito, kisha wakaacha na chanjo, maana aliyewaletea hiki ndiye anayeleta na kile.

Alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. Akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda. "Pikeni uji wa mtoto," akasema. "Mpike kama mnavyopika siku zote, msipike kama nipo."

Mke wa mwanangu akabandika. Maji yakapata moto, unga ukaingia, mwiko ukazunguka, ukatokota, akaepua. Bibi Afya akaomba kikombe akanywa. Nikasikia mchanga wa dagaa ukilia kwenye meno yake. Akameza.

"Mama Elia," akasema, "makande unabandika wakati gani?"

"Asubuhi. Kwani hujui?"

"Unaepua wakati gani?"

"Jua likishakwenda."

"Kwa nini yakae motoni siku nzima?"

"Maharage yana ukaidi, dada. Huwezi kuyabembeleza."

"Na haya yaliyomo humu," akainua kikombe, "ukaidi wao umeishia kwenye mashine?"

Mke wa mwanangu alitazama chungu, mimi nikamtazama Upendo. Hakuna Mpare anayekula maharage yaliyochemka mara moja, hata mlevi hali. Na tulikuwa tunampa mtoto.

"Nani aliwaambia mchanganye?" akauliza.

"Wewe," nikasema, maana sikuwa na sababu ya kumficha.

"Nilisemaje?"

"Chakula cha mtoto kichanganywe."

Angeweza kusema hamkunielewa. Angeweza kusema ninyi watu wa milimani. "Ni kweli," akasema. "Nilisema hivyo hivyo."

Mkubwa wake wa kazi alimwambia aseme wananchi walisikia vibaya, yaishe. Alitusimulia mwenyewe, kwa hasira. Hakusema hivyo. Alipita mlango kwa mlango kijiji kizima, na vijiji vya jirani, kwa miguu, kwa sababu pikipiki ilikuwa haina mafuta. Anabisha hodi, anasema, "Nimekuja kuchukua neno langu. Nililiacha hapa, limewaumiza." Wengine walimtukana. Jirani yangu yule wa sumu ya panya alimmwagia maji ya vyombo miguuni. Akasema asante, akakaa, akaendelea.

Kabla ya kuleta neno jipya alilijaribu jikoni kwangu. Kwanza akasema mtoto ale "vyakula mbalimbali." Mke wa mwanangu akamrudishia: vyakula vya mbali, vya dukani, kwa hiyo maskini basi tena. Bibi Afya akacheka mpaka akafuta machozi, akalitupa neno hilo. Akajaribu jingine, likakwama. Mwisho akasema: "Sahani ichanganywe, gunia lisichanganywe." Uji uwe wa nafaka moja na karanga kidogo zilizokaangwa. Vitu vingine mtoto avile kwa siku, kila kimoja kimeiva kwa moto wake: yai, mchicha, parachichi, na maharage ya makande yaliyopondwa, yale ya jioni ambayo ukaidi umekwisha. Nikamrudishia. Akauliza, "Mwenzako wa darasa la saba angelielewa?" Nikamwambia huyo ndiye wa kumtilia shaka.

Na hakulitangaza kijijini mpaka alipoona nyumba chache za kwanza watoto wametulia, na akarudi tena baadaye kuchungulia masufuria. Upendo alinenepa. Watoto wakarudi kwenye mizani. Neno lile bado linasemwa huku, hata na wasiojua lilitoka wapi.

Huyo ndiye mtu niliyekwenda kumwomba.

Amestaafu, amepanga Same mjini, si mbali na soko. Same ni jua na upepo na vumbi, mimi wa baridi sipawezi. Tulishuka na Upendo asubuhi, tukapanda basi Hedaru, yeye amepakata mfuko wa unga kama mtoto mchanga. Njiani nilimwambia asihofu. Nilikuwa nimeshawaambia akina mama wa usharika kwamba jambo limekwisha.

Tulimkuta amekaa mlangoni, mguu mmoja amenyoosha juu ya stuli. Umevimba, anatembelea fimbo.

"Shikamoo bibi," Upendo akapiga goti.

"Marahaba mjukuu wangu. Ndiye huyu mwenye tumbo la ngoma?"

"Ndiye huyu," nikasema. "Na sasa anasaga unga."

"Mungu ana mzaha," akasema.

Chai ikaja, sukari ile ile. Upendo akaeleza habari ya duka la jumla, akaweka mfuko mezani. Bibi Afya akanawa. Akafungua, akanusa, akasugua unga kati ya vidole, akaweka kidogo kwenye ulimi.

"Kuna nini humu?"

"Mahindi na karanga, bibi. Basi."

"Karanga unazihifadhi wapi?"

"Juu ya chaga, pakavu. Nachambua moja moja kwa mkono, yenye ukungu au iliyosinyaa natupa. Naogopa sumukuvu."

"Na hapa nyuma umeandika nini?"

"Nimeandika mtoto asiishie kwenye uji, ale na vingine. Nimeandika sahani ichanganywe, gunia lisichanganywe."

Bibi Afya alimtazama muda mrefu. Nikaona macho yake yamelainika, nikasema moyoni, tumeshapata.

"Unga mzuri," akasema. "Sijaona mzuri kuliko huu."

"Basi toa picha," nikasema. "Jina tuliandike hapo juu, kubwa."

"Hapana, Mama Elia. Jina langu halisagwi."

Nilidhani anatania. Nikacheka peke yangu.

"Umesema mwenyewe ni mzuri!"

"Leo ni mzuri. Mwache aniambie yeye." Akamgeukia Upendo. "Mjukuu wangu, duka likitaka magunia mengi, karanga utachambua wewe kwa mkono?"

Upendo hakusema uongo, nampenda kwa hilo na siku hiyo nilimchukia kwa hilo. "Nitaweka watu, bibi."

"Na wewe utakaa nyuma yao siku zote?"

"Nitajitahidi."

"Jitahidi. Lakini mama akiona uso wangu kwenye mfuko, ataacha kumtazama mtoto, atatazama mfuko. Mtoto anaharisha, yeye anasema, haiwezekani, Bibi Afya yupo hapa." Akagusa goti lake kwa fimbo. "Neno nililosema kwa mdomo nilipanda mlima nikalichukua. Hili likichapwa likaenda Ndungu, likaenda Msangeni, likaenda Dar, nitalifuata kwa mguu gani? Huu?"

Upendo akakunja mfuko wake taratibu. Hakulia. Alisema, "Nimeelewa, bibi," na Bibi Afya akasema, "Nirudishie," na mtoto akamrudishia yote, vizuri, hakuacha kitu, na kila neno lilikuwa linalifunga lile duka la Hedaru kwa komeo.

"Njoo na watu wako wa kuchambua," Bibi Afya akamwambia. "Nitawafundisha bure, hapa hapa mlangoni. Na nitakwenda sokoni kukaa na akina mama wanaonunua, niwaulize wanafanyaje."

"Hiyo haimpi duka!" nikasema.

"Haimpi."

Mimi ni mtu wa kiburi, na kiburi changu kilikuwa kimeshazunguka usharika mzima. Nikasimama. Nikamwambia ameketi jikoni kwangu miaka, amekula mahindi yangu mwaka ambao kila punje ilikuwa na mwenyewe. Nikamwambia huyu si mwenye kampuni, huyu ni Upendo, alimpuliza usoni akichanjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, macho yamejaa maji. Upendo alikuwa ameshatoka nje ananisubiri juani. Nikashika kanga yangu, nikafika mlangoni, nikageuka.

"Basi picha peke yake," nikasema. "Bila jina. Hata kisogo tu, Bibi Afya. Watakujua kwa kisogo."

"Hapana, Mama Elia. Jina langu halisagwi."